Kibali Kisomwe kwa Lugha ya Fundi

Tuseme tanki la lori la mafuta limepasuka karibu na mpaka wa Mpondwe, wilayani Kasese nchini Uganda, na dereva amemwita fundi wa kuchomelea kutoka Bwera. Petroli imeshamwagwa yote. Dereva anaona tanki tupu, lakini mtaalamu wa usalama anaona tanki lililojaa mvuke uliochanganyika na hewa, ambao cheche moja yatosha kuulipua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Anayepima mdomoni mwa tanki pekee anajidanganya.

Kibali cha kazi hatarishi kinahusu saa kama hiyo. Ni idhini ya maandishi inayosema kazi gani ifanywe, wapi, na nani, mpaka saa ngapi, na nini kitangulie: gesi ipimwe juu, kati na chini, umeme ukatwe na swichi ifungwe kwa kufuli, mlinzi wa moto awepo, na abaki hata baada ya fundi kumaliza. Kwa anayeingia ndani ya tanki, shimo au silo, oksijeni isipungue asilimia 19.5. Hapa sharti nitilie mkazo: mara nyingi wa pili kufa ni yule aliyeshuka kumwokoa wa kwanza. Kwa hiyo mpango wa uokoaji huandikwa kabla mtu hajaingia.

Wilaya ya Kasese si ngeni kwa kazi za namna hii. Ina migodi ya shaba ya Kilembe, kiwanda cha saruji cha Hima na mitambo ya umeme ya Mto Mubuku. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kuwafundisha wafanyakazi wake, na inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari.

Lakini karatasi peke yake haiokoi mtu. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa ili itengenezwe. Kibali cha kazi hiyo kilikuwepo. Zamu ya usiku haikukiona. Pampu ya pili ilipozimika, waliiwasha ile isiyo na valvu. Gesi ikavuja, ikalipuka, na watu 167 wakafa.

Kilichokosekana pale ni makabidhiano, yaani mtu kumweleza mwenzake ana kwa ana. Ndiyo maana nasikitishwa na mafunzo yanayoishia kumwonyesha mfanyakazi mahali pa kuweka sahihi. Fomu ikiwa ya Kiingereza, na fundi anaongea Lukonzo na Kiswahili, sahihi yake inamkinga msimamizi, si fundi. Mafunzo yafanyikie penye kazi yenyewe, kwenye pampu na tanki halisi, na kila mmoja azoezwe kusema “simamisha” bila kuogopa kufukuzwa.

Nawaomba wasimamizi wa Kasese, na wenye gereji wa Bwera ambao hawajawahi kuandika kibali hata kimoja: kabla ya kutia sahihi, mwambieni fundi awaeleze kwa maneno yake hatari iko wapi na atatokaje. Akishindwa kueleza, kazi isianze.