Tuupime Udongo Kabla ya Kununua Mbolea

Katika mfano wa mtini usiozaa (Lk 13:6-9), mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi ili auchimbie mti ule na kuutilia samadi. Anataja kuchimba kwanza, samadi baadaye. Wakulima wengi wa parokia zetu za Pemba tumeugeuza utaratibu huo: mbolea hununuliwa, pengine kwa fedha za mkopo, nao udongo haujaulizwa lolote.

Kisiwa chetu ni kimoja, bali udongo wake si mmoja. Magharibi, penye vilima na mikarafuu, udongo ni wa kina, nao umechujwa madini yake na mvua kubwa za miaka mingi hata kuelekea tindikali. Mashariki, na Micheweni huko kaskazini, ardhi kubwa ni ya maweni, yenye asili ya matumbawe na chokaa. Mahindi si zao kuu kwetu kama mpunga na muhogo, lakini ayapandaye huko maweni hawezi kufuata ushauri wa jirani alimaye vilimani.

Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, fosforasi ya mbolea ya kupandia, kama DAP, hunaswa na chuma na alumini zilizomo udongoni, na mizizi ya mahindi hudumaa. Hapo chokaa ya kilimo hutangulia mbolea. Kibaya zaidi, urea na SA zikitiwa kila msimu huongeza tindikali hiyo hiyo. Kwenye maweni mambo ni kinyume: chokaa haihitajiki, na urea iliyomwagwa juu bila kufukiwa hupotea sehemu yake hewani. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kila kilo ipoteayo ilikuwa ada ya mtoto au dawa ya mgonjwa.

Kuchukua sampuli si kazi ngumu. Chimba mahali kumi hadi ishirini shambani, kina cha sentimita 20, ukiepuka kichuguu, njia, palipochomwa moto na palipolundikwa samadi. Changanya katika ndoo safi ya plastiki (kamwe si mfuko uliokuwa na mbolea), twaa nusu kilo, anika kivulini, andika jina la shamba. Bwana shamba au bibi shamba wa shehia ataeleza namna ya kuifikisha maabara.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 20, anazitaja dawa na mbolea za viwandani pamoja na vitu vinavyotia udongo na maji tindikali. Hatusomi hapo kwamba mbolea ni dhambi; twasoma kwamba kuitia kwa kubahatisha kunaigusa nyumba yetu sote.

Mashamba yetu yamepakana na ya majirani Waislamu, ambao ndio wengi kisiwani. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kushirikiana nao kukusanya sampuli na kuzisafirisha kwa safari moja, mapema kabla ya masika, ili majibu yafike mbegu ikiwa bado ghalani.