Wanawake wa Filamu za India: Kutoka Kuvumilia hadi Kukataa

Katika Raja Harishchandra, filamu ndefu ya India ya mwaka 1913, malkia aliigizwa na mwanamume, kwani kuigiza kulihesabiwa aibu kwa mwanamke. Wanawake walipoingia kwenye sanaa hiyo, walikuta sura ya mke mwema imekwishachorwa: mvumilivu, mlinzi wa heshima ya ukoo.

Sura hiyo ilifikia kilele katika Mother India (1957) ya Mehboob Khan. Radha, aliyeigizwa na Nargis, anaachwa na mumewe na kulima mwenyewe huku mkopeshaji wa riba akimkamua. Mwishowe anampiga risasi mwanawe kwa sababu amemteka binti wa mkopeshaji huyo. Uwezo wake ni mkubwa, lakini wahakiki watetezi wa wanawake wana haki ya kuuliza: mbona unasifiwa pale tu unapoilinda jamii ileile iliyomtesa?

Arth (1982) ya Mahesh Bhatt ikathubutu zaidi. Mume aliyemwacha Pooja anarudi kuomba msamaha. Pooja anamwuliza kama yeye angempokea mke aliyefanya hivyo. Mume anakiri kwamba asingempokea, na Pooja anamkatalia. Katika Mirch Masala (1987) ya Ketan Mehta, kijiji kizima kiko radhi kumkabidhi Sonbai kwa mtoza kodi anayemtamani ili kijinusuru. Wanawake wa kiwanda cha pilipili alimokimbilia ndio wanaommwagia mtoza kodi unga wa pilipili machoni.

Kali kuliko zote ni The Great Indian Kitchen (2021) ya Jeo Baby, kutoka jimbo la Kerala. Humo bi harusi hapigwi. Baba mkwe anataka tu wali uliopikwa kwa kuni na nguo zilizofuliwa kwa mkono. Bomba la sinki linavuja siku nenda siku rudi, na mume kila mara anasahau kumwita fundi. Hapo ndipo mfumo dume unapoonekana wazi: katika adabu, mapishi na mazoea ambayo hakuna anayeyaita dhuluma.

Nyuma ya kamera hali haikuwa bora. Mwaka 2017, baada ya mwigizaji mmoja kutekwa na kudhalilishwa, wanawake wa filamu wa Kerala waliunda umoja wao, na serikali ikateua kamati ya Jaji K. Hema. Ripoti yake, iliyoeleza unyanyasaji wa kingono kazini, ilikabidhiwa mwaka 2019. Umma uliisoma Agosti 2024.