Boti ya mbio na starehe: Geita iipime kwa kilo

Watengenezaji wa boti za tanga wa Ulaya wana ahadi moja wanayoirudia kila msimu: Jumamosi boti ishinde mbio, Jumapili ibebe mama, watoto na jiko la wali. Kwa mtu wa Geita ambaye dhahabu imemwendea vizuri, ahadi hiyo inavutia. Ziwa Victoria liko mlangoni. Kutoka Ghuba ya Nungwe, ambako mgodi wa dhahabu wa GGM huvuta maji yake, hadi Chato na hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, mtu anaweza kutembea na upepo siku kadhaa na kila jioni akatia nanga mahali papya.

Kabla hajatuma fedha, ajue kwamba mbio na starehe hugombana juu ya kitu kimoja tu, nacho ni uzito. Kitanda kinene ni kilo. Friji ni kilo, jenereta ni kilo, hata mlango wa choo ni kilo. Mbio zinataka kilo hizo zishuke, starehe inataka zipande. Anayenunua boti ya kazi mbili ananunua mapatano kati ya hao wawili, na kazi yake ni kujua nani kamdhulumu mwenzake.

Boti iliyopita Usukumani mabegani

Kanda hii iliwahi kushuhudia boti ya kisasa ikipimwa hivyo. Mwaka 1874 mpelelezi wa Afrika Henry Morton Stanley alimwagiza fundi James Messenger wa Teddington, Uingereza, amtengenezee Lady Alice: futi 40 kwa urefu, futi 6 kwa upana, mbao nyepesi za mwerezi, ikigawanyika vipande vitano ili ibebwe na wapagazi. Kwenye karatasi ilikuwa nyepesi. Ilipowekwa kwenye mizani Zanzibar, vipande vinne vilikuwa na karibu kilo 127 kila kimoja, na cha tano kilifika kilo 140. Hakuna njia ya porini inayovumilia mzigo huo. Ikabidi fundi mwingine aipunguze upana na kukata kila kipande mara mbili.

Msafara wa Stanley uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukapita Ugogo na Iramba, ukaingia nchi ya Wasukuma upande ambao leo ni Shinyanga, na tarehe 27 Februari 1875 ukafika Kageyi, kando ya ziwa. Boti ikaunganishwa upya, ikazunguka ziwa zima kwa muda usiofika miezi miwili, ikiwa na mabaharia 11.

Mtihani wake mkubwa ulitokea kwenye kisiwa cha Bumbire, kaskazini ya maji ya Geita, tarehe 28 Aprili. Wenyeji walichukua makasia. Mabaharia wakaisukuma boti majini kwa nguvu, wakang'oa mbao za sakafu na kuzifanya makasia, kisha dhoruba ikawabeba usiku kucha. Chombo kizito kisingesukumika pale ufukweni. (Miezi michache baadaye Stanley alirudi na bunduki, akaua watu wengi wa Bumbire; sifa za boti yake zisifunike hilo.)

Hesabu za kwenye karatasi

Tuchukue mfano wa leo: First 36 ya kampuni ya Beneteau ya Ufaransa, iliyochorwa na Sam Manuard na kuzinduliwa mwaka 2022. Mwili wake una mita 11, uzito wa tani 4.8, matanga ya mita za mraba 80 inapokwenda bisho, na mkuku unaozama mita 2.25. Boti nyingi za utalii za urefu huo huvuka tani sita.

Wataalamu huanza na uwiano wa tanga na uzito: eneo la matanga hugawanywa kwa ujazo wa maji ambayo boti inayasukuma kando, ujazo huo ukiwa umepandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili. First 36 inapata takriban 28. Boti nzito ya safari hupata kati ya 15 na 18. Namba kubwa maana yake upepo mdogo unatosha kuiamsha; maana yake pia upepo ukizidi, lazima kuwe na mikono ya kupunguza tanga haraka.

Swali la pili ni farumi: uzito wa mkuku ni sehemu gani ya uzito wote, na umekaa chini kiasi gani? Farumi iliyo chini kabisa hurudisha boti wima bila kuongeza tani. La tatu ni alama ya mbio. Katika mfumo wa IRC, muda halisi wa boti huzidishwa kwa namba yake ndipo mshindi apatikane. Namba hiyo hutoka kwenye vipimo vya boti ikiwa tupu. Ukiipima tupu, kisha ukashindana ukiwa umepakia jenereta na kreti za soda, umejiadhibu mwenyewe.

Ziwa lina masharti yake

Hapa ndipo vijarida vya wauzaji vinapoishiwa, maana vimeandikwa kwa ajili ya bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo upepo wa kasi ileile unasukuma tanga kwa nguvu pungufu kiasi hicho. Maji baridi nayo hayainui chombo kama ya chumvi: boti ya tani 4.8 inahitaji kusukuma kando lita 120 zaidi ili ielee. Mambo yote mawili yanampendelea mwepesi mwenye tanga kubwa.

Kisha kuna saa za upepo. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, na mawingu ya radi hujikusanya juu ya ziwa. Mvuvi wa dagaa anaijua dhoruba ya alfajiri, inayokuja na mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Hapo boti yenye omo pana na bapa, inayoruka vizuri ikienda na upepo, itapigapiga maji ikibisha hadi abiria wake waombe kushuka.

Mkuku wa mita 2.25 ni shida ya tatu. Ghuba nyingi za upande huu zina kina kifupi na miamba, na nyavu za sangara hazina taa wala uzio. Mkuku mrefu wenye risasi chini, pamoja na usukani wa mapanga mawili, ni ndoano ya kunasa nyavu za watu. Magugumaji nayo hupenda rafadha. Mkuku unaopandishwa unastahili bei yake hapa kuliko kitanda cha nahodha.

Starehe ya Geita

Wauzaji wakisema starehe hukuonyesha mbao zinazong'aa na spika za muziki. Starehe ya ziwani ni kivuli juu ya sitaha, madirisha yanayopitisha hewa na chandarua kwenye kila tundu, maana malaria haikuhama kanda hii na wadudu wa ziwani huja kama moshi. Ni jiko linalobembea na wimbi ili sufuria ya ugali isimwagike, na ubao wa kumzuia aliyelala asianguke chombo kikienda mrama.

Kuna jambo moja ambalo ziwa hutoa bure. Boti ya bahari hubeba mamia ya lita za maji matamu. Hapa maji matamu yamekuzunguka. Mfumo mzuri wa kuchuja na kuua vijidudu, pamoja na tangi dogo, unaokoa kilo 200 au zaidi. Ila maji ya ufukweni yana kichocho, na karibu na shughuli za wachimbaji wadogo wanaotumia zebaki usichote kabisa. Kichujio cha vijidudu hakiondoi zebaki.

Barabara kwanza

First 36 ina upana wa mita 3.8. Haiingii kwenye kontena, na juu ya lori kutoka Dar es Salaam kupitia Singida, Nzega na Shinyanga ni mzigo usio wa kawaida, wenye kibali chake na gharama zake. Ikifika, ipatiwe winchi ya kusimamisha mlingoti na mahali pa kuipandisha nchi kavu. Mwanza kuna mafundi wa meli za chuma. Fundi wa mlingoti wa kaboni ni habari nyingine. Mwenye kupanga kupita chini ya Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, ajue kwanza urefu wa mlingoti wake kutoka majini na nafasi iliyopo chini ya daraja.

Na wa kushindana naye yuko wapi? Klabu za ziwa hili, kama Victoria Nyanza ya Uganda, zimezoea zaidi mashua ndogo. Boti ya mita 11 itashinda kwa kukosa mpinzani, na ushindi wa namna hiyo hauhitaji matanga ya bei mbaya.

Kwa hiyo, kwa Geita, boti hiyo ni nzuri lakini imepelekwa mahali pasipo pake. Inayofaa ni ya mita saba au nane, upana usiozidi mita 2.55 ili ivutwe na gari, mkuku wa kupandishwa, mlingoti wa alumini unaosimamishwa na watu wawili, na vitanda vinne visivyo na mapambo. Italala ufukweni Nkome, itavutwa hadi Mwanza kwenye mashindano, na itaingia ghuba ambazo ile kubwa itazitazama kwa mbali. Usilipe mpaka umeijaribu ikiwa na mizigo yote ya familia, kuanzia alasiri hadi upepo wa usiku ugeuke, na usukani aushike mvuvi anayetumia tanga ziwani. Muuzaji akikataa jaribio hilo, jibu la mizani yake umeshalipata.