Babylon Iko Ndani ya Mathree

Jumapili jioni, nganya imetoka Buru inaelekea tao, reggae inagonga mpaka madirisha zinatetemeka. Kwa raundi karao wanatusimamisha. Konda anaruka chini kuenda kubonga nao. Msee wa dredi kwa siti ya nyuma anatoa sauti: "Babylon hao!" Gari yote inaangua kicheko.

Chali mwenye amekaa kando yangu hajacheka. Ameinamia kitabu. Nachungulia kava: The Richest Man in Babylon. Manze! Huku nyuma mtu anaombea Babylon ianguke, hapa kando mwingine anataka imfunze kutengeneza doh. Na mji ni ule ule mmoja.

Ya rasta inatoka kwa Biblia. Kitu 586 kabla ya Kristo, Nebukadneza, mfalme wa Babylon, alivunja Yerusalemu akapeleka Wayahudi mateka kwake. Zaburi 137 ndio kilio yao. Sasa Jamaika ni watu wenye mababu zao walitolewa Afrika na pingu, so Rasta akisoma hiyo Zaburi anajiona mwenyewe. Babylon ikawa karao, korti, serikali, chochote chenye kinakukalia kichwani. The Melodians wakatoa Rivers of Babylon 1970. Boney M wakairudia 1978, ikashika dunia yote, na mpaka leo wasee wanakatia kilio ya mateka kwa harusi. Mwaka huo wa 1978 Bob Marley naye akatoa albamu ya shoo zake, akaiita Babylon by Bus. Hiyo ingeandikwa kwa ubavu wa nganya hakuna mtu angeuliza swali.

Ya chali wa kitabu inatoka Marekani. George Clason aliandika hizo stori zikiwa vijitabu, benki na kampuni za bima zikawa zinagawia watu, kisha 1926 zikawa kitabu moja. Siku hizi unaipata imetandikwa chini kwa lami, katikati ya soksi na chaja. Somo yake ya kwanza haitaki digrii: ukishika soo, ashu ni yako, usiiguse. Na Clason hakuokota huo mji tu hivi hivi. Karibu 1750 kabla ya Kristo sheria za Hammurabi, mfalme wa huko, zilikuwa zishaweka riba ya mkopo wa fedha, asilimia 20. Kudaiwa hakukuanza na simu yako.

Nikifika keja namwuliza mathe. Anafungua Biblia yake ya Kiswahili, ananionyesha hakuna Babylon humo, kuna Babeli. Mnara wenye lugha zilichanganyikiwa, na mji wa Nebukadneza, jina ni hiyo moja. Kwa Kiingereza ndio zinatenganishwa. Halafu ananiangalia: "Na hiyo Sheng yenu ndiyo Babeli yenyewe." Nimekubali, mathe. Tofauti ni moja: kule walishindwa kuelewana wakaacha mjengo, huku mtaani ukichanganya ndio mnaelewana.

Mji wenyewe je? Uko Iraki, karibu na Hilla, kilomita kama 85 kusini mwa Baghdad. Waandishi wa huko kitambo walisoma jina lake kama "Mlango wa Mungu". Lakini mlango wake noma kuliko yote, ule wa Ishtar wa matofali ya buluu, hauko huko. Wajerumani walichimba, wakabeba vipande, wakauunda upya Berlin. Miaka baadaye Berlin hiyo hiyo ikatengenezewa sirizi ya runinga, Babylon Berlin, ya 2017. Walibeba mlango, jina ikafuata.

Lakini yenye imenibamba zaidi ni ya matofali. Nebukadneza alikuwa anapiga jina lake mhuri kwa matofali ya mji. Miaka ya 1980 Saddam Hussein akajenga juu ya hizo kuta, na yeye akaweka matofali zenye jina lake. Ni kama msanii wa nganya: gari ni ya mwenyewe, ubavu ni wa mwenye ako na rangi. Rasta ameandika yake hapo, Clason yake, Berlin yake, mathe pia yake.

Na kuna kitu mji uliandika kwetu. Kuhesabu kwa 60 kulianza na Wasumeri, Wababeli wakapima nayo nyota, Wagiriki wakairithi, mpaka leo saa ni dakika 60.

Turudi kwa raundi. Konda amerudi, mfuko umepungua. Msee wa dredi ameanza kuchoka na hii kungoja. Anamgonga bega:

"Konda, dakika ngapi tufike?"

"Kumi tu, rasta."

Akatulia, akaanza kuzihesabu.