Jenereta ya Gari la Kulala: Moshi Kwanza, Wati Baadaye

Nchini Marekani watu wengi husafiri kwa magari yenye vitanda, jiko, friji na choo, na baadhi ya wastaafu huishi humo miezi mingi ya mwaka. Gari likiegeshwa kambini penye umeme, huchomekwa waya na mambo yakaisha. Likielekea jangwa la Arizona, mwenyewe huanza kuwaza jenereta, na kwanza huuliza ni ya wati ngapi. Swali hilo huja mapema mno. Linalotangulia ni hili: moshi utapita wapi? Jenereta ikizidiwa, watu watalala na joto. Moshi ukipenya walipolala, huenda wasiamke kabisa, maana kaboni monoksaidi iliyomo ndani yake haina rangi wala harufu.

Ndiyo maana mpango uanze chini ya gari, si dukani. Kisanduku cha jenereta kiwe cha chuma, kizibwe kabisa upande wa chumba na kipumue nje tu. Bomba la moshi lipite ukingo wa bodi. Lisiishie chini ya sakafu wala chini ya dirisha linalofunguka. Mara nyingi sharti hili peke yake huamua jenereta ikae ubavu gani. Ya wati 4,000 ina uzito wa karibu kilo 80 na hutetemeka, kwa hiyo ishikwe na chesisi, si mbao za sakafu. King'ora cha kaboni monoksaidi nacho ni lazima, ingawa hakiwezi kusahihisha bomba lililofungwa vibaya.

Hapo sasa hesabu ya wati ina maana. Kiyoyozi cha kawaida cha juu ya paa hula wati kama 1,500, lakini kinapowaka hudai maradufu au zaidi kwa muda mfupi. Wati 4,000 hutosha kiyoyozi kimoja, mradi maikrowevu isubiri zamu yake. Mwinuko nao hupunguza nguvu, takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Huko Denver, mita 1,600 juu ya bahari, wati 4,000 hubaki kama 3,300. Iwepo pia swichi ya kuchagua chanzo, ili umeme wa kambi na wa jenereta visikutane kamwe.

Wapo watakaosema sola imemaliza habari ya jenereta. Kwa taa, feni na friji ndogo wana haki, na asiyehitaji kiyoyozi asinunue jenereta. Lakini betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 ina takriban wati-saa 1,280, na kiyoyozi kinachofanya kazi mfululizo huimaliza kabla ya saa moja. Wengine watasema jenereta ya kubebeka ni rahisi zaidi. Bei ni kweli, ila moshi wake huenda upepo unakotaka. Mamlaka za afya za Marekani hushauri ikae angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, na kambi ikijaa, umbali huo hukufikisha kwenye dirisha la jirani.

Kabla ya kulipa chochote, mwambie fundi akuchoree njia ya moshi kuanzia injini hadi nje ya bodi. Akishindwa, tafuta fundi mwingine.