Lipu ya bwawa huliwa na maji, lawama humwendea fundi

Aprili ikiingia, hoteli nyingi za ufukweni, kuanzia Watamu na Diani hadi Nungwi na Paje, hupunguza wafanyakazi, hufunga vyumba na kufungua daftari la matengenezo. Makuti huezekwa upya, mbao hupakwa rangi, na bwawa la kuogelea humwagwa maji ili fundi aikague lipu. Akikuta imechakaa, mwenye mali huuliza swali moja tu: nani aliipiga?

Ni swali la haki, ila mara nyingi si la kwanza kuulizwa. La kwanza lingekuwa: bwawa hili limekuwa likijazwa maji gani?

Tuchukue bwawa la hoteli ndogo, mita 12 kwa 6, kina cha wastani mita 1.4. Linameza lita laki moja. Sakafu na kuta zake zina mita za mraba 122 hivi, na lipu ya milimita 12 juu ya eneo hilo haizidi mita moja na nusu ya ujazo. Kwa macho ya mjenzi hiyo ni kazi ndogo. Kinachouma ni kuibandua lipu ya zamani, kununua saruji nyeupe, ambayo Misri, Uturuki na Ras Al Khaimah ni miongoni mwa wazalishaji wake wakubwa, kuita maboza kumi ya lita 10,000, na kupoteza wiki ambazo mgeni anatazama shimo kavu kutoka dirishani. Lipu iliyochanganywa vizuri kwa saruji nyeupe na unga wa marumaru, ikitunzwa, hukaa miaka 10 na zaidi. Ikifa mwaka wa nne, kuna kitu kimeiua.

Saruji ikishaganda hubaki na chokaa ndani yake. Maji yaliyopungukiwa na kalsiamu huifuata chokaa hiyo na kuiyeyusha kidogo kidogo, usiku na mchana. Yaliyoshiba kupita kiasi huitema na kuacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Mwaka 1936 Mmarekani Wilfred Langelier alitoa kanuni ya kupima hali hiyo kwa ajili ya mabomba ya miji, na watu wa mabwawa wakaiazima. Huchukua pH, joto, kalsiamu, alkali na chumvi zilizoyeyuka, kisha hutoa namba moja. Sifuri ni salama. Chini yake maji yanakula, juu yake yanaacha ukoko. Kwa bwawa la lipu, pH hutakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8, alkali miligramu 80 hadi 120 kwa lita, na kalsiamu 200 hadi 400.

Pwani yetu ina kichekesho chake hapa. Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe hutoa maji magumu, yenye kalsiamu tele, na tatizo lake ni ukoko. Lakini hoteli iliyojenga mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari hupata maji matamu ambayo karibu hayana kalsiamu kabisa, na hayo hayo huyafungulia bwawani. Imewekeza fedha nyingi kupata maji bora, kisha maji bora yanaitafuna lipu. Mvua ya masika huongeza maji laini juu yake, na vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole, ambavyo vina uchachu mkali, hukamilisha kazi, hasa kikidondoka kimoja na kulala sakafuni.

Tiba yake? Kwa bwawa letu la lita laki moja, kupandisha kalsiamu kwa miligramu 200 kunahitaji kama kilo 30 za kloridi ya kalsiamu ya vipande. Gunia moja na kitu. Uchachu hurekebishwa kwa magadi safi ya kiwandani, bidhaa ambayo Kenya huichimba Ziwa Magadi. Sijui gharama nyingine ya hoteli inayolinda mali kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo, lakini katika bajeti nyingi kemikali hukatwa kwanza.

Uchakavu wenyewe haujifichi. Miguu ndiyo huujua mapema: watoto hutoka na vidole vilivyochunika, nguo za kuogelea hupata nyuzi. Madoa ya kahawia husugulika bila kutoka. Ukisugua doa kwa kidonge cha vitamini C cha duka la dawa likafifia, ni chuma kilichokuja na maji. Likiwa la mviringo na kurudi palepale, shuku nondo iliyoanza kuota kutu ndani ya zege, na hilo ni shauri la mhandisi. Ukoko hudondoshewa asidi. Ukichemka, ni chokaa. Fundi mzoefu hugonga kuta kwa mpini wa mwiko akisikiliza: palipoachana na zege hulia kama debe tupu.

Kuosha kwa asidi hurudisha weupe, na kila mara huondoka na tabaka. Lipu iliyokwisha kukwaruza haihitaji kupunguzwa tena, ingawa ndiyo huduma inayouzwa kwa wepesi kwa kuwa matokeo yanaonekana siku hiyo hiyo. Viraka vinafaa mahali padogo. Rangi yake haitalingana, na mwenye bwawa aambiwe mapema. Rangi ya epoksi ni mkopo: itapendeza miaka michache, kisha itabidi ikwanguliwe yote kabla lipu mpya haijashika. Sehemu nyingi zikilia debe, bandua na upige upya. Ukishaanza kujaza usisimame katikati, maana alama ya maji itabaki ukutani, na wiki mbili za mwanzo sugua kwa brashi kila siku, kwani lipu changa hutoa chokaa na kuipandisha pH.

Sasa turudi Aprili. Msimu usio na wageni ndio msimu wa mvua, na maji ya ardhini ufukweni huwa yamepanda. Sanduku la zege la bwawa letu, kwa unene wa sentimita 20, lina uzito wa karibu tani 60. Maji ya chini yakifika mita moja tu juu ya kitako chake, yanalisukuma juu kwa nguvu ya karibu tani 80. Likiwa limejaa haliendi popote. Likiwa tupu linaweza kuinuka kama ngalawa, likapasuka na kukata mabomba, na hapo hatuzungumzii lipu tena. Mabwawa mengine yana vali sakafuni ya kuachia shinikizo hilo, ila iliyoziba miaka mingi ni pambo.

Kwa hiyo mwenye hoteli, kabla ya kuwasha pampu ya kumwaga, chimba shimo pembeni hadi kina cha kitako cha bwawa na uliache usiku kucha. Asubuhi ukikuta maji ndani yake, mwambie fundi arudi Julai au Agosti, mgeni awepo asiwepo.