Daraja la Busisi na nusu ya pili ya utandawazi

Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, kutoka Kigongo wilayani Misungwi hadi Busisi wilayani Sengerema ni mwendo wa dakika chache tu juu ya Ghuba ya Mwanza. Kabla ya hapo magari yalipanga foleni kusubiri kivuko, na siku ikiwa mbaya saa mbili zilikatikia pale pale. Daraja hilo la kilomita 3 hivi lilijengwa na kampuni mbili za China kwa fedha za Serikali ya Tanzania, zaidi ya shilingi bilioni 700. Anayetaka kuzipima nadharia za utandawazi ana pa kuanzia hapa.

Mwanajiografia Mwingereza David Harvey, katika kitabu chake cha 1989, alieleza kwamba mtaji hutafuta faida kwa kufupisha muda wa kuvuka umbali, na ndiyo maana dunia inazidi kusogeleana. Busisi inamuunga mkono. Lori la samaki halisubiri tena huku barafu ikiyeyuka, na mgonjwa wa rufaa anawahi hospitali Mwanza. Lakini mama aliyechoma mahindi kivukoni aliishi kwa foleni ile ile. Saa alizookoa abiria ndizo zilizokuwa zikimpatia wateja. Nadhani hesabu ya kasi haijakamilika mpaka riziki za watu wa namna hii nazo ziingizwe.

Mwanasosholojia Anthony Giddens aliandika mwaka 1990 kwamba utandawazi ni kukazana kwa mahusiano ya kijamii duniani kote, kiasi kwamba yanayotokea mahali fulani huumbwa na matukio ya mbali sana, na ya mbali nayo huumbwa na ya hapa. Ni fasili nzuri, na nusu yake ya kwanza haina ubishi kwa mtu wa ziwani.

Chukua sangara. Si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwa zima. Aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili ambao sangara aliwala, zilitoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakiwachunguza furu hao katika ghuba hii hii tangu miaka ya 1970, waliyaona hayo yakitokea mbele ya macho yao. Kisha vikaja viwanda vya minofu Mwanza, na soko kuu likawa Ulaya. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka nchi zetu za kando ya ziwa kwa sababu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ukazuia tena kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Uamuzi ulitoka Brussels, hasara ikatua mwaloni.

Siku hizi macho ya wengi yako kwenye bondo. Sangara akipasuliwa, kifuko hicho cha hewa hutolewa kwa uangalifu kisichanike, husafishwa damu na utando, hukaushwa, kisha hupangwa kwa ukubwa. Kilo ya mabondo makubwa yaliyokauka huipita mbali kwa bei kilo ya minofu. Mlaji yuko China na Hong Kong, ambako ni kitoweo cha heshima. Mvuvi huambiwa bei na mnunuzi, ambaye naye ameambiwa kwa simu.

Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa kitabu chake mashuhuri mwaka 1972, asingeshangaa. Kwake, njia za kutoa mali ghafi Afrika zilijengwa hivyo makusudi. Mwanasosholojia Immanuel Wallerstein aliugawa uchumi wa dunia katika kitovu, nusu-pembezoni na pembezoni. Nawakubali wote wawili, ila naona wanawaacha watu wa pembezoni wakiwa kimya mno. Wakulima wa pamba wa Usukuma, walipochoshwa na mizani ya wanunuzi mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliweka watu wao wenyewe kusimamia upimaji. Mwaka 1955, chini ya Paul Bomani, vyama vyao vya ushirika viliungana kuwa shirikisho, na baadaye wakamiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Bei ya dunia haikuwa mikononi mwao. Mizani ilikuwa.

Mwanaanthropolojia James Ferguson aliongeza jambo muhimu mwaka 2006: barani Afrika mtaji hautiririki kama maji, huruka kutoka kituo hadi kituo na kupita juu ya vichwa vya watu. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, nao una uwanja wake wa ndege. Mwananchi wa Busisi, aliye kwenye barabara ya kwenda Geita, aliendelea kungoja kivuko miaka 25.

Nusu ya pili ya fasili ya Giddens naiona wazi zaidi Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, ambako dagaa na kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, hununuliwa na wafanyabiashara wanaopeleka Rwanda, Burundi na Kongo. Biashara hii vitabu vya nadharia huipita haraka, kwa kuwa haina makao makuu wala hisa za kuuzwa London. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzisha mitumbwi, magunia hupungua Kirumba, na muuza dagaa wa mashariki ya Kongo hana budi kupanga biashara yake kwa kufuata mwezi wa ziwa letu.